Wahitimu Wenye Ulemavu Wako Wapi? Namna Shule Inavyoweza Kuwafuatilia

Kila shule ya sekondari yenye kitengo cha elimu maalumu ina mhitimu wake wa kusimuliwa. Ni yule kijana asiyeona aliyekwenda chuo kikuu akasomea sheria, au yule binti kiziwi ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Mgeni rasmi akija kwenye mahafali, jina lake hutajwa. Mfadhili akija, picha yake hutolewa kabatini. Hakuna ubaya wowote hapo. Ugumu huanza mgeni akiuliza: na wale wengine aliomaliza nao, wako wapi? Mkuu wa shule humtazama mwalimu wa kitengo, na mwalimu wa kitengo hutazama dari.

Si kwamba hatuhesabu. Tunahesabu sana, ila tunahesabia mlangoni wanapoingia. Takwimu za elimu zinazotolewa na serikali ya Tanzania kila mwaka huonyesha wanafunzi wenye ulemavu walioandikishwa, kwa jinsi na kwa aina ya ulemavu: wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo, wa akili na wengineo. Baraza la Mitihani hujua ni watahiniwa wangapi wanahitaji karatasi ya nukta nundu, maandishi makubwa au muda wa ziada. Kisha mtihani wa mwisho wa kidato cha nne unaisha mwezi Novemba, kijana anafunga sanduku lake, anapanda basi, na kwenye madaftari ya shule habari zake zinakomea hapo.

Makala haya ni kwa mwalimu wa kitengo, mkuu wa shule, mjumbe wa bodi na mzazi anayetaka habari hizo ziendelee walau kwa mwaka mmoja zaidi. Kazi yenyewe haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji daftari, simu, vocha na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu. Lakini ina mtego mmoja, nami nitaurudia mara kwa mara: mhitimu anayepatikana kwa urahisi mara nyingi ndiye ambaye mambo yamemnyookea. Shule inayowahesabu wanaopatikana tu itajidanganya, na itajidanganya kwa takwimu.

Wenzetu waliotutangulia

Nchi yenye uzoefu mrefu katika jambo hili ni Marekani. Sheria yao ya mwaka 1975 ililazimisha shule za umma kuwapokea na kuwafundisha watoto wenye ulemavu. Miaka ikapita, na swali likabadilika: wamefundishwa, sasa wanakwenda wapi? Marekebisho ya mwaka 1990 yakazitaka shule zimwandae kila mwanafunzi mwenye ulemavu kwa maisha ya baada ya shule. Yale ya mwaka 2004 yakaleta mpango ambao kila jimbo hutoa taarifa kwa serikali ya shirikisho kila mwaka kwa vigezo vilivyopangwa, na kigezo cha 14 ndicho kinachohusu wahitimu. Kinauliza hivi: miongoni mwa vijana wenye ulemavu walioondoka sekondari, ni wangapi ambao ndani ya mwaka mmoja wamejiunga na elimu ya juu, wamepata mafunzo mengine, au wameajiriwa?

Mambo mawili katika utaratibu huo yanafaa kuigwa. La kwanza, hawahesabu waliofaulu peke yao. Aliyeacha shule katikati anaingia kwenye orodha sawasawa na aliyepokea cheti. La pili, maneno yao yana mipaka. Ili mtu ahesabiwe kuwa yuko chuoni, lazima awe amemaliza angalau muhula mmoja kamili. Ili ahesabiwe kuwa ana ajira ya kawaida, tafsiri iliyotumika kwa miaka mingi inataka awe analipwa si chini ya kima cha chini cha mshahara, anafanya kazi pamoja na watu wasio na ulemavu, kwa wastani wa saa 20 kwa wiki, kwa siku zisizopungua 90 ndani ya mwaka huo. Kibarua cha siku tatu hakiwezi kupandishwa cheo kikaitwa ajira kwa ajili ya kuipamba taarifa.

Mbali na hesabu hiyo ya kila mwaka, Wamarekani wamefanya pia uchunguzi mrefu. Mmoja uliwafuata kwa takriban muongo mzima zaidi ya vijana 11,000 waliokuwa na umri wa miaka 13 hadi 16 mwaka 2000. Ulionyesha kwamba hadi miaka minane baada ya kutoka sekondari, asilimia 60 walikuwa wamewahi kujiunga na masomo ya aina fulani, wakati kwa vijana wote kwa jumla ilikuwa asilimia 67. Kwa vyuo vikuu vya miaka minne tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 19 kwa 40. Ukaonyesha pia jambo ambalo hakuna shule ingeligundua bila kuuliza: kati ya hao waliokwenda vyuoni, ni asilimia 28 tu waliokiambia chuo kwamba wana ulemavu. Waliobaki walikwenda kimya, wala chuo hakikuweza kumsaidia mtu kisiyemjua.

Mwalimu wa kwetu akilisoma hilo atawakumbuka wanafunzi wake wenye uoni hafifu au usikivu hafifu, wale ambao ulemavu wao hauonekani getini. Ndiyo faida ya kufuatilia. Unajua kama kijana amefika, na unajua pia pale anapokwama.

Kazi inaanza kabla hajaondoka

Kosa la kawaida ni kuanza kuwatafuta wahitimu baada ya kuondoka. Wakati huo namba uliyo nayo ni ile mzazi aliyoiandika kidato cha kwanza, na laini hiyo ilikwisha kufungwa zamani. Anza muhula wa mwisho. Kaa na kila mwanafunzi wa kidato cha nne au cha sita kwa muda wa kutosha, ujaze naye karatasi moja.

Kwenye karatasi hiyo andika namba tatu za simu za watu watatu wasioishi nyumba moja. Wa kwanza ni mzazi au mlezi. Wa pili ni ndugu wa mbali kidogo: shangazi wa mjini, kaka aliyeoa, binamu. Wa tatu ni mtu asiyehama kwa urahisi, kama mwenyekiti wa kitongoji, imamu, katekista, au kiongozi wa chama cha watu wenye ulemavu wa wilaya. Andika kijiji na kata, si wilaya peke yake. Na kama kijana ana simu yake mwenyewe, namba yake iwe juu ya zote, kwa sababu yeye ndiye mwenye habari.

Kisha muulize: tukitaka kukusalimu baada ya mwaka, ungependa tukufikieje? Kiziwi hatataka simu ya sauti. Atataka ujumbe mfupi au simu ya video ili atumie Lugha ya Alama. Asiyeona anaweza kupendelea kupigiwa. Mwingine hana simu, atasema mpigieni mama ila mwambieni anipe niongee mwenyewe. Yaandike hayo yote.

Muulize pia anachokusudia kufanya. Siku utakapompigia utakuwa na kitu cha kulinganisha. Aliyesema anataka kusomea ufundi umeme na sasa anachunga mbuzi ana habari tofauti na yule ambaye tangu mwanzo alitaka kufuga.

Zipo pia nafasi za bure ambazo shule nyingi huziacha zipite. Wahitimu hurudi shuleni kuchukua vyeti vyao. Siku hiyo mhitimu amesimama dirishani kwa mhasibu au kwa mtaaluma, na anaondoka bila kuulizwa lolote isipokuwa madeni. Wekeni daftari hapo hapo: asaini cheti, aandike namba mpya na anachofanya sasa.

Piga lini

Mwaka mmoja ni kipimo kizuri, lakini upimwe kwa kalenda yetu. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba hupata matokeo mwezi wa kwanza, kidato cha tano huanza Julai, na vyuo vingi hufungua kuanzia Septemba au Oktoba. Ukimpigia mwezi wa tatu atakuambia anasubiri, na kusubiri si habari. Mtafute kati ya Desemba ya mwaka unaofuata na Februari inayofuatia hapo. Walioko kidato cha tano watakuwa wamemaliza muhula, walioko vyuoni watakuwa wamezoea au wameshindwa, na sikukuu za mwisho wa mwaka huwarudisha wengi nyumbani ambako simu ya mama inaweza kuwafikia. Wa kidato cha sita, ambao humaliza Mei, watafutwe Mei hadi Julai ya mwaka unaofuata.

Msimwache aliyekatiza masomo. Mwanafunzi wa kitengo aliyeondoka kidato cha pili, kwa ugonjwa, ujauzito, nauli au kukata tamaa, naye ana mwaka wake mmoja. Mwekeni kwenye orodha tangu siku mliyojua kwamba harudi.

Uliza nini

Maswali yawe machache, yasizidi kumi, na mwenye kujibu amalize ndani ya dakika kumi na tano. Yaliyo muhimu ni haya:

1. Tangu uondoke shule, umesoma popote? Wapi, kozi gani, na umemaliza muhula mzima?
2. Umefanya kazi yoyote ya kukuingizia kipato? Kazi gani, kwa nani, kwa muda gani?
3. Kwa wiki ya kawaida unafanya kazi siku ngapi na saa ngapi kwa siku?
4. Hela unayopata inakaa mkononi mwa nani?
5. Kifaa ulichokuwa unatumia shuleni unacho mpaka sasa? Kinafanya kazi?
6. Kuna ulichotaka kufanya kikakwama? Nini kilikikwamisha?
7. Kitu gani tungekufundisha hapa shuleni ambacho sasa unakihitaji?

Swali la pili ndilo linalohitaji uangalifu. Mipaka ya Wamarekani haiwezi kuhamishwa ilivyo, kwa kuwa vijana wetu wengi, wenye ulemavu na wasio nao, hawaajiriwi kwa mshahara. Wanalima, wanauza gengeni, wanashona, wanafuga, wanachaji simu za watu. Mkisema ajira ni ya mshahara tu, nusu ya kijiji haina kazi. Mkisema kila anayeshika jembe ana kazi, hakuna asiye nayo. Tengeni makundi manne: anayelipwa na mtu mwingine, aliyejiajiri na kipato ni chake, anayefanya kazi ya familia na kupata sehemu ya kipato, na anayefanya kazi ya familia bila kupata chochote. Kundi la nne ndilo linalofichwa na jibu la "anatusaidia nyumbani". Binti kiziwi anayelea watoto wa dada yake tangu alfajiri hadi usiku anasaidia nyumbani. Ana kazi nyingi na hana kipato. Andikeni hivyo.

Swali la nne linatokana na hilo hilo. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kuwa anasukuma toroli sokoni kila siku na hela yote inapokewa na mtu mwingine. Kwenye hesabu ataonekana ameajiriwa. Muulizeni.

Swali la tano linaonekana dogo. Lakini shuleni kulikuwa na mashine ya nukta nundu, na mashine ni ya shule. Kulikuwa na losheni ya kukinga jua kwa mwenye ualbino, na iliisha. Shimesikio linahitaji betri. Kiti mwendo kilichopita vizuri kwenye sakafu ya bweni hakipiti kwenye njia ya kwenda bombani. Mara nyingi kijana aliyeonekana amekwama kwa sababu ya masomo amekwamishwa na kifaa.

Namna ya kuuliza

Sisi tumelelewa kwa adabu, na adabu huficha mengi. Mwalimu akipiga simu, kijana ataamkia, ataulizwa habari, atajibu nzuri. Mnaendeleaje? Vizuri tu, mwalimu, tunamshukuru Mungu. Ukikata simu hapo ukaandika "anaendelea vizuri", umeandika salamu. Acha salamu ziishe kama zinavyopaswa kuisha, kisha uulize jambo la kushikika: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini?" Siku moja ikisimuliwa yote hueleza zaidi ya "vizuri tu" kumi. Halafu uliza kama jana ilikuwa siku ya kawaida.

Fikiri pia nani apige. Mwalimu aliyependwa atapokewa kwa furaha, lakini kijana anaweza kuona haya kumwambia kwamba amefeli. Suluhisho zuri ni kumtumia mhitimu wa miaka iliyotangulia, mwenye ulemavu kama wake, akaelekezwa maswali na akalipiwa vocha na muda wake. Viziwi hasa wanajuana. Kiziwi mmoja aliyeko mjini anaweza kukuambia waliko wenzake wa darasa zima, kwa sababu wanatafutana ili wapate mtu wa kuzungumza naye.

Ukimwandikia kiziwi, andika sentensi fupi, moja kwa jambo moja. Kwa wengi wao Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili baada ya Lugha ya Alama, na swali refu lenye vitenzi vitatu litapata jibu la "ndiyo" lisilo na maana. Kwa video, mkalimani awe mtu ambaye kijana anamkubali, asiwe kaka yake anayejibu kwa niaba yake. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, anza na yeye: mpe maswali ya kuchagua, "unakwenda shambani au unakaa nyumbani?", ndipo umwombe mzazi aongezee. Andika pembeni nani alijibu. Jibu la mama si kosa, ila ni jibu la mama.

Na mpigaji awe tayari kusikia asilotarajia. Atapata binti anayenyanyaswa, kijana aliyefungiwa ndani, mtu aliyekata tamaa. Kabla ya simu ya kwanza, awe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na ajue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi la karibu na kijana huyo. Ukimfungua mtu moyo halafu huna la kumwambia, ni bora usingempigia.

Wasiopatikana

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe. Tuseme kitengo chako kilikuwa na wahitimu 20. Umepiga simu, umepata 8, na kati yao 6 wako masomoni. Ukiandika kwamba asilimia 75 ya wahitimu wetu wanaendelea na masomo, bodi itapiga makofi. Lakini unachokijua kwa hakika ni 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Wale 12 wanaweza wote kuwa vyuoni, na hesabu ikapanda hadi 18, asilimia 90. Au wote wako nyumbani, ikabaki 30. Asilimia 75 haina msingi wowote isipokuwa kwamba wale 8 walikuwa na simu iliyoshika.

Kwa hiyo taarifa ianze na idadi ya wote, ifuatiwe na ya waliopatikana, ndipo yaje matokeo. Halafu linganisha waliopatikana na waliokosekana. Je, wasichana wamekosekana zaidi? Wenye ulemavu wa akili? Wa vijijini? Walioacha shule? Ukikuta wasioona karibu wote wamepatikana na viziwi karibu wote hawakupatikana, usiandike chochote kuhusu "wahitimu wetu" kwa jumla. Andika kuhusu wasioona, na ueleze kwamba ya viziwi hamyajui.

Kisha rudi kuwatafuta. Simu isiposhika, jaribu saa nyingine: wakulima hushika simu jioni, wengine huwasha data usiku. Baada ya hapo tumia namba ya pili na ya tatu, mwanafunzi wa sasa anayetoka kata ileile, mtendaji wa kijiji, chama cha watu wenye ulemavu. CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Wasioona Tanzania, Chama cha Watu Wenye Ualbino, Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA), na shirikisho lao SHIVYAWATA, vina mtandao wa wanachama ambao shule haina. Kama muda ni mchache, bora kutumia wiki moja kumtafuta mmoja aliyepotea kuliko kuwapigia mara ya pili watano ambao mambo yao mnayajua.

Majibu yafanye kazi

Kitengo chenye wahitimu 8 kwa mwaka hakina haja ya asilimia. Mtu mmoja tu akibadilika, hesabu inaruka kwa zaidi ya asilimia 12. Andikeni watu, si asilimia, na kila baada ya miaka mitatu unganisheni orodha mtazame mwelekeo.

Kisha kila kikwazo kilichojirudia kipewe mwenye kukishughulikia. Wahitimu wakisema walikosa mkopo wa elimu ya juu kwa sababu fomu ya kuthibitisha ulemavu haikusainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa kwa wakati, shule ipange siku ya kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha sita hospitali kabla hawajatawanyika. Wakisema hawakujua kwamba vyuo vya ufundi vinawapokea, waalikeni wakufunzi wa VETA na wa Chuo cha Ufundi Yombo, kinachofundisha watu wenye ulemavu, waje kidato cha tatu na si kidato cha nne. Mhitimu wa kidato cha sita mwenye ulemavu unaoonekana akiitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mwelezeni mapema kwamba kwa miaka kadhaa wenzake wamekuwa wakielekezwa kambi ya Ruvu, mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kuwahudumia, ili asidhani wito haumhusu.

Wakisema wamenyimwa kazi, wafundisheni sheria wangali darasani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu wenye sifa hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Waliojiajiri wajue kwamba katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejea mwaka 2024, kwa hiyo aliyeambiwa wakati ule kwamba haipo aulize upya. Kwa msomaji wa Kenya, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataka hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende kwa watu wenye ulemavu. Haki hizi hazijitekelezi zenyewe, na kijana asiyezijua hataziomba.

Matokeo mabaya yapelekeni kwenye bodi yakiwa vilevile. Mficha uchi hazai. Mkuu wa shule anayeandika kwamba viziwi wake wote wa mwaka jana wako nyumbani ana hoja ya kudai mkalimani na mwalimu wa ufundi. Anayeandika kwamba mambo ni mazuri hana anachodai.

Orodha ni amana

Daftari lenye majina ya vijana wenye ulemavu, vijiji vyao na namba zao ni kitu cha hatari likianguka mikononi mwa mtu mbaya. Kwa watu wenye ualbino, ambao wameuawa na kukatwa viungo nchini Tanzania na nchi jirani, orodha ya majina na makazi haifai kabisa kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inazipa ulinzi wa pekee taarifa nyeti, zikiwamo za afya. Fanyeni haya: kijana, au mzazi wake akiwa chini ya miaka 18, atie saini ya ridhaa akijua mtazitumia vipi, daftari lifungiwe, taarifa inayokwenda kwenye bodi au kwa mfadhili isiwe na majina, na katika kitengo kidogo, epukeni hata maelezo yatakayomtambulisha mtu, kwa maana "msichana pekee asiyeona wa mwaka 2023" ni jina tosha. Anayekataa aachwe. Anayekubali leo akakataa mwakani aachwe vilevile.

Mzazi naye ana sehemu yake

Mzazi usisubiri shule ikutafute. Ukibadili laini, tuma ujumbe kwa mwalimu wa kitengo. Simu ikija, mpe mwanao aongee, hata akichelewa kujibu. Na shule isipopiga, piga wewe: sema mwanangu yuko hivi, amekwama hapa, mnaweza kutuelekeza wapi? Mwalimu akipata simu tatu za namna hiyo juu ya kikwazo kimoja, tayari ana ajenda ya kikao.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 31 ya mkataba huo inazitaka nchi zikusanye takwimu zitakazosaidia kutambua na kuondoa vikwazo. Hilo ni jukumu la serikali, lakini habari zenyewe ziko kwenye vitengo vya shule, kwa mwalimu anayemjua kila kijana kwa jina na kwa tabasamu. Kwa hiyo anzeni na darasa lililomaliza mwaka jana, hata kama hamkuwahi kujaza karatasi yoyote. Mkuu wa shule amteue mtu, ampe vocha na tarehe ya mwisho. Kwenye kikao kijacho cha bodi mtu huyo asome taarifa nzima bila majina, na aanze na idadi ya wale ambao hakuna aliyeweza kuwapata, kata kwa kata, ili kila mjumbe anayetoka kata zao aondoke na kazi ya kufanya.